Waya Kichwani, Betri Kifuani: Maswali Baada ya Upasuaji wa Parkinson

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa familia ambazo mgonjwa wao wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kukakamaa, ameshafanyiwa upasuaji wa kuwekewa nyaya za umeme ubongoni, mara nyingi India, na sasa amerudi nyumbani mbali na waliompasua. Njia hii ilianza kushika kasi baada ya Alim-Louis Benabid na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, kuitumia kutuliza mtetemeko mwaka 1987. Waya wenye unene wa milimita 1.3 hivi hushushwa ndani ya ubongo, ukiwa na vituo vinne au vinane vya kutolea umeme karibu na ncha. Huunganishwa na waya mwingine unaopita chini ya ngozi nyuma ya sikio na shingoni, hadi kwenye kifaa chenye betri chini ya mtulinga. Hitilafu inaweza kutokea popote kwenye njia hiyo. Nyingine hazihusiani na kisu kabisa: zinatokana na kiwango cha umeme au dozi ya dawa.

SWALI: Baba, miaka 64, alipasuliwa wiki tatu zilizopita. Wiki ya kwanza, betri ikiwa haijawashwa, mkono ulitulia kabisa tukashangilia. Sasa unatetemeka kama zamani. Waya umesogea? – *Binti, Mombasa*

JIBU: Yaelekea haujasogea. Waya unapoingia huumiza kidogo sehemu ileile inayolengwa, na uvimbe unaofuata huinyamazisha kwa siku au wiki kadhaa. Uvimbe ukiisha, dalili hurudi. Kwa hiyo ule utulivu wa mwanzo ulikuwa habari njema ya aina nyingine: waya uko karibu na mahali panapotakiwa.

Hospitali nyingi husubiri wiki 2 hadi 4 kabla ya kuwasha, kwa sababu kuseti umeme kwenye ubongo uliovimba ni kazi itakayorudiwa. Mwanzo wa kawaida ni mapigo 130 kwa sekunde, kila pigo likidumu mikrosekunde 60, kisha nguvu inapandishwa kidogokidogo kwa awamu. Hesabuni miezi 3 hadi 6 ya marekebisho. Kwa mwenye distonia, yaani ugonjwa wa misuli kukaza na kupindisha mwili, shingo au mgongo uliopinda unaweza kuchukua miezi mingi kunyooka. Dawa msizipunguze wenyewe.

Waya uliosogea au kukatika una dalili zake: nafuu iliyokwisha kupatikana inapotea ghafla, mara nyingi upande mmoja, pengine baada ya kuanguka, au mgonjwa anahisi kama kupigwa shoti shingoni. Hapo hupigwa eksirei ya kichwa, shingo na kifua na kulinganishwa na ya siku ya upasuaji, na mashine ya kuseti hupima ukinzani wa umeme katika kila kituo. Ukinzani ukipanda mno, waya umekatika au umechomoka kwenye kiungo. Ukishuka mno, kuna mahali umeme unavuja. Mzuieni pia baba asichezee kile kifaa kifuani. Wapo wanaokigeuzageuza bila kujua hadi nyaya zinajisokota.

SWALI: Mzee wetu alitoka hospitali siku ya nne akiwa na akili timamu. Siku ya nane akaanza kuchanganya majina ya watoto, na usiku anaona watu chumbani. Picha ya CT imeonyesha weusi kuzunguka waya wa kushoto. Daktari mmoja anasema ni usaha na waya utolewe. – *Eldoret*

JIBU: Kabla waya haujatolewa, ulizeni maswali matatu: ana homa? Jeraha linavuja? Vipimo vya damu vinaonyesha maambukizi? Kama yote ni hapana, weusi huo huenda ni uvimbe wa maji unaojitokeza kuzunguka waya siku au wiki chache baada ya upasuaji. Wengine huwa nao bila dalili yoyote. Wengine huchanganyikiwa, huzungumza kwa shida au hupata degedege. Kwa kawaida huisha wenyewe baada ya wiki kadhaa. Madaktari wengine hutoa steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, kwa muda mfupi, na dawa ya degedege ikihitajika. Kutoa waya mzima kwa sababu ya uvimbe huu ni hasara ambayo hairudishiki kwa urahisi, kwa hiyo picha za CT zitumwe kwa aliyempasua kabla ya uamuzi.

Damu ni jambo jingine. Kwenye CT damu mbichi huonekana nyeupe, na dalili zake huja kwa kishindo, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza au ya pili: upande mmoja kulegea, kauli kukatika, usingizi mzito. Katika ripoti nyingi, damu inayoleta dalili hutokea kwa mgonjwa 1 hadi 2 kati ya 100, na shinikizo la damu lisilodhibitiwa ni miongoni mwa vinavyoongeza hatari. Kwa wazee kuna pia damu inayojikusanya polepole kati ya fuvu na ubongo na kujitokeza wiki kadhaa baadaye kwa kuumwa kichwa na uzito wa mguu mmoja.

Halafu kuna mambo madogo yanayosahaulika. Maambukizi ya mkojo, chumvi ya damu kushuka, choo kigumu cha siku tano, au kidonge cha benzhexol cha kutuliza mtetemeko ambacho hakuna aliyekumbuka kukipunguza: kila kimoja kinatosha kumfanya mzee aone watu wasiokuwepo. Angalieni hayo siku hiyohiyo. Na asipewe haloperidoli ya kumtuliza, maana inamgandisha mgonjwa wa Parkinson. Ikibidi kutuliza, kwetiapini kwa dozi ndogo ndiyo inayochaguliwa mara nyingi.

SWALI: Nyuma ya sikio la mama, pale waya unapoungana, ngozi imekuwa nyembamba na nyekundu, na jana yametoka majimaji. Ana miezi mitano tangu apasuliwe. Zahanati wamempa amoksilini na mafuta ya kupaka. Inatosha? – *Morogoro*

JIBU: Haitoshi, dada, na usisubiri dozi iishe ndipo uulize tena. Ngozi ikishatoboka juu ya kifaa, hesabu kuwa vijidudu vimefika kwenye waya. Bakteria, hasa Staphylococcus aureus, hujishikiza kwenye plastiki na chuma na kujifunika utando ambao dawa haziupenyi vizuri. Ndiyo maana vidonge huondoa wekundu, familia ikapumua, kisha siku chache baada ya dozi kuisha majimaji yanarudi. Kila mzunguko wa namna hiyo huwapa vijidudu muda wa kusafiri kando ya waya kuelekea juu.

Maambukizi mengi hujitokeza ndani ya miezi 3 ya kwanza. Ngozi kuliwa taratibu kunaweza kutokea hata baada ya miaka. Vituo vingi huripoti maambukizi kwa wagonjwa 3 hadi 5 kati ya 100, vingine zaidi.

Leo hii funika jeraha kwa shashi safi, kavu. Asali, majivu, dawa ya meno na spiriti ya kila saa vyote viwekwe mbali. Mtu yeyote asichome sindano kwenye uvimbe ulio juu ya waya au betri ili “kunyonya usaha”: anaweza kuingiza vijidudu vipya au kutoboa waya. Piga picha ya jeraha kwenye mwanga wa mchana, andika tarehe, mtumie daktari aliyempasua. Kisha nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo, achukue majimaji ya kuotesha maabara. Mweleze kwamba amoksilini imeshaanza, maana inaweza kuficha majibu. Akiwa na homa, kuumwa kichwa au shingo ngumu, hiyo ni safari ya usiku huohuo.

Uamuzi wa huko hutegemea mahali. Kama usaha uko kwenye mfuko wa betri kifuani, kwa kawaida hutolewa betri na waya wa shingoni, nyaya za ubongoni zikaachwa, mgonjwa akapewa antibiotiki za mshipa na kisha vidonge kwa wiki kadhaa. Betri mpya huwekwa baadaye, mara nyingi baada ya miezi 3 hivi, ngozi ikiwa safi. Maambukizi yakiwa pale waya unapotokea kwenye fuvu, nafasi ya kuuokoa hupungua. Yakiwa ndani ya ubongo, kila kitu hutoka. Mama yako yuko katikati, nyuma ya sikio, na hapo siku mbili tatu zina thamani.

Jambo moja ambalo familia hazielezwi: betri ikitolewa, umeme umekatika. Dozi ya levodopa, dawa kuu ya Parkinson, lazima ipangwe upya kabla ya upasuaji huo, sivyo atatoka chumba cha upasuaji amekakamaa.

Sasa kuhusu chanzo, kwa sababu wasomaji wengine bado wana nafasi ya kuzuia. Ngozi ya kichwa ya mtu mwembamba au mwenye kisukari huliwa na vitu vidogo: fundo la kilemba au pini ya mtandio palepale kila siku, mkono wa miwani, kofia yenye mshono mgumu, ndoo kichwani, kucha zinazokuna kovu. Msusi aonyeshwe njia ya waya kwa kidole na asivute nywele za eneo hilo. Ngozi ikianza kung'aa na waya kuonekana kama mshipa uliovimba, huo ndio wakati wa kumwona daktari. Kuufukia waya ndani zaidi wakati ngozi bado ni nzima ni kazi ndogo ukilinganisha na iliyo mbele ya mama yako sasa.

SWALI: Mkono wa baba umetulia vizuri mno, lakini anazungumza kama mlevi na mdomo unavutwa upande mmoja. Inabidi tuchague mkono au maneno? – *Kisumu*

JIBU: Msichague kabla ya kujaribu kuseti upya. Kiini cha ubongo kinacholengwa kwa wagonjwa wengi wa Parkinson ni kidogo kama punje ya maharage, na majirani zake wana kazi nyingine. Umeme ukizidi au waya ukikaa kando kidogo, unamwagikia jirani, na dalili humtaja jirani huyo. Mdomo kuvutwa, mkono kukaza na ulimi kuwa mzito: umeme umefika upande wa nje, kwenye nyuzi zinazoamrisha misuli. Ganzi au mchonyoto usioisha mkononi: umekwenda nyuma, kwenye nyuzi za hisia. Kuona vitu viwili: umekwenda ndani, kwenye nyuzi za macho. Huzuni ya ghafla au kicheko kisichozuilika: umeshuka chini zaidi. Kwa waliowekewa waya kwenye kiini kingine kiitwacho globus pallidus, kuona vimulimuli ni ishara kuwa umeme umegusa njia ya kuona.

Kliniki watapunguza nguvu kwa hatua ndogo, watahamia kituo cha juu au cha chini kwenye waya, watafupisha kila pigo, au, kama waya ni wa aina inayoelekeza umeme upande mmoja, wataugeuzia mbali na nyuzi hizo. Wengine huzungumza vizuri na kutembea bila kuganda wakishushiwa mapigo kutoka 130 hadi 60 au 80 kwa sekunde, ingawa mtetemeko unaweza kurudi na nafuu hiyo haidumu kwa wote.

Kipimo rahisi cha kujua mwenye kosa ni kuzima umeme kwa muda mbele ya daktari. Maneno yakinyooka, tatizo ni seti. Yasiponyooka, ni ugonjwa wenyewe, na mtaalamu wa mazoezi ya usemi atasaidia kuliko mashine. Msijaribu hilo nyumbani peke yenu. Ombeni pia programu mbili kwenye rimoti ya mgonjwa: moja ya mkono, nyingine ya mazungumzo, abadilishe anapokwenda kikaoni au anapopokea wageni.

Lingine: mwili ukianza kuchezacheza wenyewe baada ya umeme kupandishwa, familia huogopa. Mara nyingi maana yake waya umekaa vizuri na sasa levodopa imekuwa nyingi. Baada ya upasuaji kwenye kiini kile kidogo, dozi hupunguzwa kwa theluthi hadi nusu, kwa wiki kadhaa.

SWALI: Mama alipasuliwa miaka minne iliyopita, akaishi vizuri. Mwezi uliopita aliamka amekakamaa mwili mzima, hawezi kumeza, joto limepanda. Tulitibu malaria siku tatu ndipo ikajulikana betri imekwisha. Tungejuaje mapema? – *Muscat*

JIBU: Kwa kuipima. Betri isiyochajiwa hudumu miaka 3 hadi 5 kwa wengi, na kwa mwenye distonia huisha mapema zaidi kwa sababu hutumia umeme mwingi. Ya kuchaji inaweza kufika miaka 15 au zaidi, lakini inadai nidhamu ya kuchaji kila baada ya siku chache. Kwa mzee anayeishi peke yake, au mahali umeme unapokatikakatika, ya kawaida yaweza kuwa salama zaidi. Rimoti ya mgonjwa huonyesha hali ya betri. Iangalieni kila mwezi, na kuanzia mwaka wa tatu kila wiki. Ishara ya kubadilisha hutokea kabla haijazima kabisa. Anzeni kutafuta fedha na kuagiza kifaa siku hiyo, maana usafirishaji na forodha havina haraka na mgonjwa.

Alichopata mama ni hatari kweli. Mwili uliozoea umeme kwa miaka, na dozi ya levodopa ikiwa ndogo tangu upasuaji, ukikatiwa ghafla unaganda: joto hupanda, misuli huvunjika na kuumiza figo, mate huingia mapafuni. Watu hufa. Mwenye distonia naye anaweza kupata mikazo mfululizo inayohitaji chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa hiyo mgonjwa mwenye kifaa akikakamaa ghafla, shika rimoti kabla ya kipimo cha malaria. Huenda betri imeisha, huenda kifaa kimezimwa tu; modeli za zamani huzimwa hata na sumaku ya spika kubwa. Kama kimezimwa, washeni.

Kama betri imekufa, ni dharura ya siku hiyo. Asiyeweza kumeza apewe levodopa kwa mpira wa puani, maji kwa mshipa, mwili upozwe, na betri mpya itafutwe kwa kasi yote. Kubadilisha ni upasuaji mdogo wa kifuani, ubongo hauguswi. Akitapika, asipewe metoklopramidi, ile tunayoinunua kwa jina la Plasil. Domperidoni au ondansetroni ndizo zinazomfaa.

SWALI: Tangu apasuliwe mume wangu habebeki. Anabeti mikeka usiku kucha, ameuza kiwanja, na ananisumbua chumbani kuliko siku za ujana. Ndugu zake wanasema amelogwa. – *Arusha*

JIBU: Mama, pole. Angalia kwanza majina ya vidonge vyake. Pramipeksoli na ropiniroli, dawa za Parkinson, zinajulikana kuleta tabia hizi hasa: kamari, manunuzi, hamu ya tendo la ndoa isiyotulia. Umeme ukiwekwa juu yake, hasa ukishuka sehemu ya chini ya kiini, unaweza kuikoleza. Anahitaji daktari apunguze kidonge hicho taratibu na kusogeza kituo cha umeme juu. Asikiache ghafla: kuacha kwa kukata huleta wasiwasi mkubwa, jasho na huzuni. Wakati huo mkubaliane nani anashika kadi ya benki na simu ya pesa.

Upande wa pili upo pia, na ni wa kimya zaidi. Dawa zikipunguzwa haraka mno, mtu aliyekuwa mchangamfu anakaa kitini hataki lolote, ingawa mkono hautetemeki. Wengine hufikia kufikiria kujiua, na mwaka wa kwanza ndio wa kuangaliwa zaidi. Akisema maneno ya kuaga au kugawa vitu vyake, msimwache peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo.

SWALI: Mimi ni mvuvi. Nimepona mkono, naweza kushika mshipi. Narudi baharini lini? – *Unguja*

JIBU: Jeraha likishapona na daktari akakuruhusu, chomboni unaweza kurudi. Kuogelea ni jambo jingine. Mwaka 2019 madaktari wa Zurich waliandika kuhusu wagonjwa 9, waogeleaji wazuri, walioshindwa kuogelea baada ya upasuaji huu ingawa walitembea vizuri. Watatu walipozimiwa umeme, uwezo ukarudi palepale. Hujui uko kundi gani mpaka ujaribu, na pa kujaribia ni maji ya kiunoni, mtu mzima mwenye nguvu akiwa umbali wa mkono mmoja nawe. Chomboni vaa jaketi la kuokolea hata kama uliogelea tangu utoto. Ukizamia pweza, soma kijitabu cha kifaa chako: vingi vina mpaka wa mita 10. Kamba za nanga zisipite juu ya kifua upande wenye betri.

KWA UFUPI

*Kupigwa picha ya MRI, ile ya sumaku (Dodoma):* Inategemea modeli. Vifaa vingi vya karibuni vinaruhusu kwa masharti, vya zamani kwa kichwa tu au kwa nguvu ya tesla 1.5 tu. Onyesha kadi ya kifaa, si maneno. Kama kuna waya uliokatika au ulioachwa mwilini, mtaalamu wa picha ajue kabla. CT, eksirei na ultrasaundi ya kawaida ya uchunguzi hazina shida.

*Uwanja wa ndege (Nairobi):* Onyesha kadi, omba kupekuliwa kwa mkono. Ukipita mlango wa mitambo, pita katikati bila kusimama, kisha hakikisha kwa rimoti kuwa kifaa bado kimewashwa.

*Mama kaongezeka uzito (Tanga):* Kilo kadhaa mwaka wa kwanza ni kawaida. Mwili uliokuwa ukitetemeka mchana kutwa ulikuwa ukichoma chakula kingi. Punguzeni ugali na vitafunwa mapema.

*Upasuaji mwingine, meno na fiziotherapi (Mwanza):* Daktari wa upasuaji atumie koleo la umeme la ncha mbili kukausha damu, na kifaa kizimwe kabla na kukaguliwa baada. Kuziba na kung'oa jino hakuna tatizo. Tiba ya joto la umeme, ile ya mawimbi mafupi wanayotumia fiziotherapi kwa mgongo na goti, ni marufuku kwa mwenye waya, hata kifaa kikiwa kimezimwa, hata betri ikiwa imeshatolewa na nyaya kubaki. Mwaka 2001 kilichapishwa kisa cha mgonjwa wa Parkinson huko Marekani aliyepewa tiba hiyo baada ya kung'olewa meno. Waya ulipata joto na ubongo ukaumia moja kwa moja. Andikeni katazo hilo kwa wino mwekundu juu ya jalada la faili la mgonjwa, maana anayekuja kumtibu goti huenda hajawahi kumwona mtu mwenye kifaa hiki.